Jicho Linalokula Machozi

Miwani ya mke wangu ilifia kinuni. Alikuwa akitwanga sombe nyuma ya kibanda chake cha mboga pale sokoni Kalerwe, Kampala, jasho likailegeza puani, ikaanguka katikati ya majani ya muhogo, na mchi ukashuka kabla mkono haujapata habari. Wateja wake, wengi wao Wakongo wenzake, walicheka hadi wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Aliweka mchi chini, akaketi juu ya gunia, akanipigia simu kazini kwangu Ntinda, ambako nilikuwa nikisimamia duka la vipuri vya magari. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Papa, kuja unitoe huku," alisema. "Siko naona kitu."

Wanawake wa kwao Bukavu huwaita waume zao Papa, na mimi Mkenya nilishazoea. Ile sauti ndiyo sikuizoea. Mke wangu ni mtu wa kelele, anaweza kupatana bei na mchuuzi aliye ng'ambo ya barabara bila kuinuka alipoketi. Nilipofika nilimkuta palepale juu ya gunia, mikono magotini, watu wakimpita na mabeseni ya nyanya, naye akiwageuzia sikio badala ya uso. Nilimshika mkono tukarudi nyumbani. Ile sombe ilitupwa yote, maana hakuna mteja anayetaka vioo kwenye mboga, hata awe na njaa ya namna gani.

Nilidhani msiba wenyewe ni miwani. Nikasema kesho tutanunua nyingine, tena hiyo tutaifunga kamba shingoni kama mbuzi wa sikukuu. Utani wangu haukupokelewa. Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo katika miaka yote ya ndoa yetu alikuwa akilipitia pembeni.

Alikimbia vita akiwa msichana mdogo. Ilikuwa Jumapili, na kina mama wa kanisa lao walikuwa wamevaa kitenge cha sare walichokishonesha kwa ajili ya sikukuu yao: rangi moja, maua yaleyale, kuanzia mke wa mchungaji hadi muuza mkaa. Watu waliposukumana njiani, miwani yake ilidondoka ikakanyagwa. Mama yake akamwambia ashike ncha ya kitenge chake, asiachie. Akashika. Lakini walipofika darajani umati ulibana, mkono ukachomoka, akapapasa, akaona ile rangi na yale maua, akashika tena. Alitembea ameking'ang'ania kitenge kile hadi jioni, moyo umetulia, akijua yuko na mama yake. Mwenye kitenge alipogeuka na kusema naye, sauti haikuwa ya mama yake.

Walionana tena baada ya muda mrefu sana, huku Uganda, kambini. Mama aliambiwa kuna msichana anayewasogelea wanawake usoni, mmoja baada ya mwingine, karibu kabisa, kama anayetaka kuwanusa. Akajua ni wake.

"Mutu akikimbia anabeba tu kile kiko mu mwili yake," mke wangu alisema. "Miwani haiko mwili. Mimi nataka macho yangu ikuwe yangu."

Mimi sijawahi kukimbia chochote isipokuwa mvua. Nilimpenda jioni ile kwa namna iliyonitia woga, nikasema basi, tutafute daktari, na kile kiwanja tulichokuwa tukikitamani kitasubiri.

Daktari tuliyempata alikuwa Mganda, mwanamke mfupi mwenye haraka, na kliniki yake ilikuwa kwenye ghorofa moja katikati ya jiji. Kiswahili alikiokota utotoni katika kambi ya jeshi, kwa kuwa baba yake alikuwa askari, na kilibaki vilevile kilivyookotwa: ngeli zimetupwa jalalani, r na l zimebadilishana viti. Lakini kwa Kiswahili hichohicho alinieleza jicho nikalielewa, jambo ambalo walimu wangu wa sayansi hawakuliweza kwa lugha mbili.

Mbele ya jicho, juu ya ile sehemu nyeusi, kuna kioo kinachoitwa konea. Kioo hicho kina ngozi yake, nyembamba kuliko ule utando wa ndani wa yai. Mtu asiyeona mbali, kama mke wangu, mwanga wa leza humchonga kioo hicho kidogo ili picha ianguke mahali pake. Wengi hukatwa kifuniko chembamba, kikafunuliwa, leza ikapita, kikarudishwa. Ila konea ya mke wangu haikuwa na unene wa kukatwa kifuniko. Kwake ingebidi ile ngozi ya juu iondolewe kabisa, leza ichonge, kisha ngozi iachwe iote upya.

"Iote yenyewe?" niliuliza.

"Yenyewe, ssebo," alisema, akiniita bwana kwa Kiganda.

"Kwa dawa gani?"

"Dawa ni ya kuchunga tu. Kuota, inaota yenyewe. Mungu alimariza hiyo kazi zamani."

Nilimtazama kwa mashaka. Mimi ni mtu wa vipuri. Katika kazi yangu kitu kikitolewa kinawekwa kingine mahali pake, la sivyo gari halitoki. Sikuwahi kuona bampa likiota.

Akachukua karatasi, akachora duara, akanionyesha. Ukingoni mwa konea, pale nyeusi inapokutana na nyeupe, zimo seli mama ambazo kazi yake ni kuzaa tu. Ngozi ikiondolewa, seli zilizobaki kandokando ya kidonda hazisubiri wachanga wakue. Zinajilaza zikawa bapa, zinaachia pale ziliposhikilia, kisha zinaanza kuteleza kuelekea katikati zikiwa zimegusana mabega, wa huku na wa kule, hadi wakutane. Wachanga watakuja nyuma kujaza nafasi. Nikamwambia hivyo ndivyo wafanyavyo wanawake wa Kalerwe: mmoja akikosa kuja sokoni, jirani yake anasogeza beseni kidogo, wa pili anasogeza lake, na kabla jua halijawa kali ile nafasi haipo tena.

"Kabisa," daktari alisema. "Na hakuna mutu anawaambia sogea."

Nilitoka pale nikiwa nimeshaanza kuziheshimu seli ambazo sikuwa nimeziona.

Upasuaji wenyewe ulikuwa mfupi hata nikajihisi nimepunjwa. Nilitazama kwenye skrini iliyowekwa nje ya chumba. Daktari alilowesha jicho kwa dawa ya kulegeza ngozi, akaisukuma pembeni kwa kibrashi, polepole, kama mtu anayeengua utando juu ya maziwa. Kisha leza ikaanza kugonga, na jicho lile kubwa kwenye skrini likatulia tuli. Baadaye mke wangu alisema alichokumbuka zaidi ni harufu ya nywele zinazoungua. Mwishoni aliwekewa lenzi laini juu ya kila jicho, iwe bandeji, ili kope zikipepesa zisizikwangue zile seli zinazoteleza chini yake. Akapewa dawa ya kuzuia vijidudu, na chupa ya machozi ya kutengenezwa, ya kudondosha kila saa akiwa macho. Kila saa, daktari alirudia, huku akinitazama mimi kana kwamba sura yangu ni ya mtu msahaulifu.

Tatizo ni kwamba mimi sikuwa mtu wa kudondosha. Mama mkwe alikuwa ameshafika kutoka kambini kuja kumuuguza mwanawe, na mama mkwe akiingia, mkwe anatoka. Kwetu magharibi mwa Kenya mwanamume halali chini ya paa moja na mama wa mkewe. Hampi mkono, haketi anapoketi, na wakikutana njiani mmoja huhama upande. Kwao Bukavu heshima hiyo haiko mbali na yetu, na Waganda, ambao ndio wenye mji, husema mkwe akimgusa mama mkwe mikono itamtetemeka. Yaani tulikuwa tumezingirwa kwa desturi pande zote. Nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili vya kupanga nyuma ya soko. Nikabeba mswaki na shati la kesho, nikahamia kwa Mkenya mwenzangu, kapera anayekoroma kama jenereta, na kila asubuhi na kila jioni nikawa nakuja kusimama chini ya dirisha langu mwenyewe kama mchumba.

Dirisha lilikuwa limezibwa kwa blanketi kwa sababu mwanga ulimchoma mgonjwa. Nyuma ya blanketi niliisikia sauti ya mama.

"Mukwe, umeamuka?"

"Nimeamka, Mama. Mgonjwa je?"

"Mungu iko."

"Na dawa?"

"Dawa iko."

Na kweli ilikuwapo.

Mwanzoni mke wangu aliumia sana. Alisema ni kama mtu amemmwagia mchanga machoni kisha akakatia kitunguu humohumo. Daktari alikuwa ameshatuonya: konea haina mshipa hata mmoja wa damu, lakini ina neva nyingi kuliko mahali pengi mwilini, na zile neva zilikuwa uchi. Nilisimama dirishani nikimsikia akiguna, nami sina cha kufanya ila kusema pole. Nilisema pole nyingi sana. Mwanamume aliyezoea kufungua boneti akiona kitu kimeharibika hujisikia mjinga mbele ya blanketi.

Kilichonipa nguvu ni kuziwaza zile seli. Nikiwa dukani nahesabu pedi za breki, najua sasa hivi zinatembea. Nikila chakula cha mchana, zinatembea. Lile jambo la damu nalo lilinikaa kichwani. Konea ingekuwa na mishipa, tungeuona ulimwengu kwa kupitia nyuzi nyekundu, kwa hiyo imeachwa bila hata mmoja iwe safi, na riziki yake inaitafuta kwingine: inavuta hewa iliyoyeyuka katika machozi, na chakula chake kingine hutoka katika maji yaliyo nyuma yake. Kila kiungo mwilini kimeunganishwa bomba la damu, hiki kinaishi kwa umande. Nilimweleza mwenyeji wangu jambo hilo kwa shauku, akanijibu kwamba nimeanza kuwa mtu wa kuchosha.

Kisha maumivu yalipungua, mke wangu akaanza tena kunitania kupitia dirishani, akiuliza kama huko ninakolala nimeshapata mchumba mwingine. Nikajua tunapona. Siku ya kwenda kutolewa lenzi niliazima gari la dukani. Yeye aliketi mbele, kichwa amekifunika shuka. Mama aliketi nyuma kabisa, mlangoni, na mimi nikakigeuza kile kioo cha ndani kielekee darini nisije nikamwona usoni. Niliendesha kwa kubahatisha yaliyo nyuma, jambo ambalo ningemfukuzia dereva wangu kazi.

Daktari alitoa lenzi za macho yote mawili, akagusa kila jicho kwa dawa ya rangi ya machungwa, akazima taa, akawasha mwanga wa bluu. Mahali palipo na ngozi, rangi ile hupita tu. Mahali pasipo na ngozi hung'aa kijani. Hadubini yake ilikuwa na tundu la pili la mtazamaji, akaniruhusu nitazame. Jicho la kushoto lilikuwa laini, limezibwa lote, na katikati kulikuwa na mstari mwembamba pale seli za pande zote zilipokutana. Sijaona fundi bodi aliyeziba kitu namna ile. Nilitaka kumwita mtu aje aone.

La kulia lilikuwa na doa la kijani katikati, umbo la kokwa ya parachichi, na kingo zake zimejikunja kama chapati iliyosahauliwa mezani.

Daktari akamuuliza mke wangu, "Nnyabo, haya machozi ya chupa, mulikuwa munaweka kira saa?"

Nilitoa chupa kwenye kikapu nikaipima mkononi. Sihitaji mizani kujua chupa ya mafuta ya breki iliyofunguliwa na kutumika kidogo tu, na hii ilikuwa ya namna hiyo.

"Tunaweka," mke wangu alisema hatimaye. "Jua ikizama."

Ikatoka yote. Mama alikuwa ametangaza mfungo mkavu kwa ajili ya macho ya mwanawe, wala chakula wala tone la maji tangu alfajiri hadi jua lizame, na mke wangu hakuweza kumwacha mama yake ateseke peke yake kwa ajili ya macho yasiyo yake. Wakafunga wote wawili. Walipodondosha dawa siku ya kwanza, mke wangu akaonja uchungu kooni.

"Iko inashuka mu koo," alimwambia daktari. "Niko naimeza. Nikimeza, nimevunja mufungo."

Kwa hiyo mchana kutwa macho yale yalikaa makavu, na usiku walidondosha kwa bidii kama watu wanaolipa deni. Jicho la kushoto lilivumilia. La kulia halikuweza. Macho mawili ya mtu mmoja si mapacha, daktari alisema, kisha akanieleza kwa sauti ya chini kwamba kidonda kikikaa wazi vijidudu huingia, na vikiingia vinaacha kovu jeupe ambalo hakuna miwani wala leza ya kuliondoa.

Nilikasirika hadi masikio yakawaka. Mtu amepoteza miwani njiani, akampoteza mama yake, amejinyima miaka yote hiyo apate macho ya mwilini mwake, halafu jicho limfie kwa kiu nyumbani kwangu, mbele ya chupa iliyokaribia kujaa. Nilikuwa na maneno. Lakini maneno yale yalikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda, na mahali penyewe palikuwa pameketi kwenye benchi nje, pamejitanda kitenge, pananong'ona sala. Mkwe hamfokei mama mkwe, hata nyumba iungue. Nikasimama mbele ya ule ubao wa herufi za kupimia macho, nikausoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu.

Daktari akamwita mama aingie. Nikabaki nimeugeukia ubao, kidesturi simo chumbani. Kwa pembe ya jicho nilimwona daktari, na koti lake jeupe, akipiga magoti kumsalimu mama kama binti yeyote wa Kiganda anavyomsalimu mkubwa. Nilitegemea ataanza kumsomea makosa yake. Hakusema lolote juu ya mfungo. Alimketisha mbele ya hadubini na kumwambia atazame.

Mama alitazama kwa muda.

"Ile kijani ni nini?"

"Ni njia, nnyabo. Hapo ngozi haiko bado. Watu wa jicho wanatoka huku na huku, wanatembea, wanataka kukutana katikati."

"Batu?"

"Wadogo sana. Wengi."

Mama akatazama tena. Alikuwa mwanamke aliyewahi kutembea, na aliyafahamu mambo ya njiani kuliko sisi wote tuliokuwa pale. Akauliza swali ambalo mimi, na ujuzi wangu wote mpya wa seli, sikuwa nimeliuliza.

"Beko banakunywa nini?"

"Machozi," daktari alisema.

Niliacha kusoma herufi.

"Basi mimi njo niliwanyima maji," mama alisema. Hakulia, hakujitetea. Alisema kama mtu anayetaja jina la mahali.

Ningeweza kumhurumia, lakini haikuwa huruma niliyoihisi. Niliona aibu kwa maneno yangu yale, ingawa hayakuwa yametoka. Nilijua sasa kwamba asingekubali macho yale yakae na kiu hata dakika moja zaidi, na kwamba asingeacha pia kumwomba Mungu wake kwa njia anayoijua. Sikuona angeyafanyaje yote mawili.

Daktari aliona. Aliivuta kope ya chini ya mke wangu karibu na pua na kumwonyesha mama kitundu kidogo ambacho kila mtu anacho na hakuna anayekijua. Machozi hupitia humo, akasema, yakashuka puani hadi kooni, ndiyo sababu mtu akilia sana pua humtoka maji. Ukidondosha dawa kisha ukabana kona ile taratibu kwa ncha ya kidole, bila kugusa jicho, haiendi popote. Inabaki jichoni kufanya kazi yake. Mama akataka ajaribu kwanza yeye mwenyewe. Akadondoshewa, akabana kona, akakaa amefumba macho kwa muda mrefu akisikilizia koo.

"Haina ladha," alisema.

"Kale," daktari alisema, yaani sawa kwa Kiganda. "Sasa mutaludi kesho, na kesho kutwa, niangarie."

"Basi bakunywe," mama alisema. "Mimi naendelea kufunga. Huyu mutoto akule."

Nimekutana na watu wenye imani, na nimekutana na watu wenye akili, na mara nyingi wamekuwa wakitafutana kwa marungu. Wale wanawake wawili walimaliza jambo lile kwa ncha ya kidole. Hadi leo nikimkumbuka daktari yule moyo wangu unasimama wima kumsalimu.

Jicho la kulia likawekewa lenzi mpya, tukarudi nyumbani, yaani wao wakarudi na mimi nikarudi kwa mkoromaji. Lakini sasa dirishani niliisikia sauti ya mama kila nilipopita, hata mchana: "Kuja bakunywe." Mke wangu alikuwa akilala chali, mama akidondosha, akibana kona, akinong'ona kitu, nadhani sala, na baada ya muda anarudia. Wanawake wa sokoni walikuja kumjulia hali mgonjwa, na mama akawakataza kupika kwa mkaa mlangoni kwa sababu ya moshi, akawaeleza habari za watu wa jichoni, hata wauza ndizi wasiojua Kiswahili wakawa wanaulizia kwa ishara kama wameshakutana.

Walikutana. Rangi ya machungwa ilipowekwa tena na mwanga wa bluu ukawashwa, doa halikuwapo. Palibaki mstari mwembamba tu. Daktari alimpisha mama atazame kwanza. Mama alitazama, akaondoka kwenye hadubini, akaenda kuketi nje, na jioni hiyo akala wali kabla jua halijazama.

Mimi nilitegemea mke wangu atasimama pale aone hadi Entebbe. Badala yake alisema anaona vibaya kuliko jana. Roho ikanishuka. Daktari akacheka: pale seli zinapokutana hujirundika, akasema, na mrundiko uko katikati kabisa, mahali pa kuonea. Zitajipanga. Kwanza zilitaka kufunika tu, kwa haraka, safu moja ikitosha. Sasa zinazaana ziwe safu kadhaa, zinajisawazisha, na kisha zinashusha mizizi kwenye kioo kilicho chini, na hiyo mizizi ndiyo inayochukua wiki na miezi. Asisugue macho, avae miwani ya jua, aendelee na machozi ya chupa hadi neva zirudi. Nilivutiwa na hilo zaidi kuliko yote niliyoyasikia. Kazi ya dharura imekwisha na hakuna anayeshangilia, ndipo hizo seli zinaanza kazi ya kukaa.

Mke wangu alirudi kwenye kinu chake na miwani myeusi usoni, Kalerwe nzima ikamwita mwanamuziki. Uoni ulirudi kwa kuyumba, asubuhi mzuri, jioni ukungu. Kisha ukaanza kutulia. Siku moja nilikuwa nikija kutoka upande wa mzunguko wa barabara, bado niko mbali, nikamwona amesimama kibandani ananitazama, mikono kiunoni. Nilipofika aliniambia kwa huzuni ya kweli, "Papa, kumbe kichwa yako iko inaisha nywele." Miaka yote hiyo alikuwa hajaiona ile sehemu.

Mama alikaa nasi hadi macho yalipokuwa na nguvu, nami nikakaa kwa kapera. Kisha akasema anarudi kambini, ana bustani yake huko. Tulimsindikiza kituo cha mabasi. Wanaoijua Kampala wanajua kituo cha mabasi siku ya mwisho wa juma: vichwa, mizigo, kuku, wapiga debe wanaokuvuta shati, na kila basi likinguruma kana kwamba linaondoka sasa hivi. Nilishika mzigo, nikajitenga nao kidogo kwa heshima. Mke wangu alimsindikiza mama yake hadi umati ulipoanzia. Nilidhani ataingia naye hadi mlangoni mwa basi. Alisimama.

"Nenda tu, Mama," alisema. "Mimi niko hapa. Niko nakuona."

Mama alimtazama, akamgusa kope moja kwa kidole kilekile cha dawa, akauchukua mzigo wake niliokuwa nimeuweka chini, akaingia katikati ya watu. Mke wangu hakumfuata. Alisimama amenyoosha shingo, miwani myeusi ameivua, nami nikamsogelea, akawa ananiambia kwa sauti ndogo. Amepita kwa yule wa mikate. Amesimama, mutu amemukanyaga. Sasa anazunguka basi ya bluu. Anatoa tiketi. Anapanda. Amekaa dirisha ya tatu, amefungua kioo, iko anatafuta sisi. Mke wangu akainua mkono. Machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi, na hakuyafuta.

Nami nikainua mkono kuelekea kule alikoelekeza, kwa adabu tu, maana kwa haya macho yangu ambayo hayajawahi kuvaa miwani nilikuwa nimeshampoteza mama tangu kwa yule wa mikate.